Nani Anatazama?

Mwezi wa Aprili mwaka 2024 binti yangu alikuja likizo kutoka Dodoma anakofanyia kazi, akatukuta mimi na mama yake tumekaa mbele ya runinga iliyokuwa imeandika kwamba kifurushi chetu kimekwisha. Alicheka. Akasema, "Baba, hayo mambo ya visimbuzi yamepitwa na wakati. Nitawaungia runinga ya intaneti. Jaribuni mwezi mmoja. Mkichoka nayo, tunaikata." Mimi ni mwalimu mstaafu, na mwalimu mstaafu hakatai kujaribu kitu asichokilipia. Akatoa kadi yake ya benki, akabofya huku na huko, akafika mahali palipokuwa na masharti marefu kama sheria ya ardhi, akabonyeza "nakubali" kabla sijaipata miwani yangu.

"Umekubali nini?" nikamwuliza.

"Baba, hakuna mtu anayesoma yale."

Nimeanza na kisa hicho kidogo, ndugu msomaji, kwa sababu karibu yote ninayotaka tuyafikiri pamoja yamo ndani yake: mmoja amelipa, wengine wanatazama, na ahadi imetolewa na mtu asiyejua ameahidi nini.

Jambo la kwanza lililonishangaza lilikuwa swali. Kila tulipowasha, kabla ya kutuonyesha chochote, mashine ile iliuliza: Nani anatazama? Chini ya swali zilipangwa nyuso ndogo za kuchora, kila uso na jina lake, na nafasi zilikuwa tano. Mama watoto alichagua uso wa paka. Mimi nilipewa mzee mwenye ndevu ingawa sina ndevu, na mpaka leo sijui namna ya kuzinyoa. Ukishagusa uso wako, mashine hukumbuka ulipoishia jana, hukuwekea mbele mambo ya aina uliyoyapenda, na ya mwenzio huyaficha. Binti yangu alisema hayo ni maendeleo, maana sasa hakuna kugombania rimoti. Ni kweli, hakuna kugombania. Lakini nilikaa nikilitazama swali lile kwa muda mrefu kuliko nilivyotazama filamu yenyewe, kwa sababu katika maisha yangu yote sijawahi kuwa mahali ambapo lingeweza kujibiwa kwa jina la mtu mmoja.

Vijana hawajui, au wamesahau kwa kutoambiwa, kwamba Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, na Wakenya walianza mwaka 1962. Sisi wa Bara tulikuwa na redio. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni kuwa ni anasa ya watu wachache wa mjini, itakayoongeza umbali baina yao na watu wa vijijini. Watu wengi huicheka hoja hiyo leo. Mimi siicheki sana, ila nakiri kwamba mwaka 1994 sikuwa miongoni mwa waliosikitika hoja hiyo ilipowekwa kando.

Hapa mtaani kwetu Temeke, jirani wa ukuta mmoja ndiye aliyetangulia kununua. Ilikuwa mwaka 1996, inchi 21, na ilibebwa na wanaume wawili kutoka garini hadi ndani huku watoto wakifuata nyuma kama msafara wa bwana harusi. Mzee yule alikuwa karani wa bandari, mkali kidogo, tena mpenda utaratibu. Hakusema kwamba mlango wake uko wazi. Aliuacha wazi tu. Watoto wa mtaa walijazana dirishani, wakubwa tukapewa mkeka, na sharti lilikuwa moja: kila mtu avue viatu, na taarifa ya habari itazamwe mpaka mwisho hata kama chaneli nyingine kuna mieleka. Tukaitazama. Nafikiri kizazi kizima cha mtaa wetu kilijifunza majina ya mawaziri kwa sababu ya ukali wa mzee yule.

Nakumbuka usiku wa tarehe 12 Julai 1998, fainali ya Kombe la Dunia, Ufaransa na Brazil. Mchezo ulianza saa nne usiku kwa saa zetu. Mzee akaamuru runinga itolewe barazani, kwa kuwa sebule haikutosha. Sijui tulikuwa watu wangapi; waliokuwa nyuma kabisa walikuwa barabarani. Zidane alipofunga kwa kichwa mara ya pili, mwuza kahawa aliyekuwa upande wa Brazil alimwaga birika lake zima, na tukamchangia. Binti yangu, huyu huyu wa Dodoma, alikuwa na umri wa miaka sita. Usingizi ulimchukua kwenye mkeka wa watu, na mke wa mzee akaenda ndani, akaleta khanga yake, akamfunika. Asubuhi nilipoirudisha khanga ile, aliniuliza kama mtoto ameamka salama. Runinga hakuitaja, wala mimi sikuitaja.

Mzee alifariki miaka kadhaa iliyopita. Mjane wake bado yupo upande wa pili wa ukuta, pamoja na mjukuu wake anayesoma chuo hapa mjini.

Huyo mjukuu ndiye aliyekuja. Habari za mtaani hazihitaji intaneti. Siku ya nne tu baada ya binti yangu kurudi Dodoma alikuwa mlangoni kwangu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Karibu."

Hakuketi. Alisema amesikia tuna ile huduma, na kama sitajali, anaomba neno la siri. Alisema haya kwa adabu kabisa, kama mtu anayeomba chumvi. Nikamwambia nitafikiri. Jioni ile nikavaa miwani, nikayatafuta yale masharti, nikayasoma. Yalinichukua jioni mbili. Na kweli nikakuta sharti linalosema kwamba huduma ni ya watu wanaoishi katika nyumba moja, wala si ya kugawiwa walio nje yake. Kijana aliporudi nikamwambia, kwa sauti ile ya darasani ambayo hainitoki, kwamba tumeahidi, na ahadi ni deni. Akasema, "Sawa babu, nimeelewa," akaondoka. Hakununa, na hilo ndilo lililonisumbua.

Sasa tuseme ukweli, je, nilikuwa na haki? Nimelizungusha swali hili kwa wiki nyingi.

Upande mmoja najiambia kwamba runinga ya mzee haikuwa kitu cha namna moja na hii yangu. Mawimbi ya mnara wa kituo ni kama mvua: yananyesha juu ya paa zote, na antena ya jirani haipunguzi tone katika antena yako. Watu mia barazani hawakumgharimu mwenye kituo hata senti. Huduma hii ni mfereji. Filamu hukatwa vipande vidogo vya sekunde chache chache, na runinga yako huomba kipande kimoja, kisha kingine, kisha kingine. Ikiona njia ni nyembamba huomba kile chenye picha hafifu, ndiyo maana sura za watu hufifia kwanza kabla ya kukwama. Saa moja ya picha safi yaweza kumeza gigabaiti 3. Kila mtazamaji huchotewa maji yake peke yake, na mwenye mfereji anajua ni ndoo ngapi zimechotwa, saa ngapi, na mahali gani. Kumpa mtu neno la siri, basi, ni kumchotea kutoka kisima cha mwingine, na ukarimu wa mali ya mwenzio ni rahisi mno.

Tena nakumbuka filamu zetu wenyewe. Sote tuliona jinsi filamu za Kiswahili zilivyopendwa miaka ile zilipouzwa katika kanda, halafu katika diski, na sote tuliona diski za wizi zikiuzwa njia panda kwa bei ya kashata. Nilinunua na mimi. Nilisema, kama walivyosema wote, kwamba wale wasanii ni matajiri na shilingi yangu haitawapunguzia kitu. Baadaye tukashangaa kuona msanii ambaye nchi nzima inamjua anachangiwa fedha za matibabu. Kwa hiyo sizipendi hoja zinazoanza na maneno "wao wanazo nyingi." Huenda wanazo. Lakini hoja hiyo humfaa mwizi wa kuku vile vile.

Hizo ni hoja nzuri, na nilizifurahia kwa siku tatu hivi. Upande wa pili ulinijia usiku, ambao ndio wakati wake. Kama ahadi ilikuwa na uzito wote huo kwangu, mbona niliisoma baada ya kijana kuja kuomba, wala si kabla? Nilikwenda kwenye masharti kama mtu anayekwenda stoo kutafuta fimbo. Sababu yangu ya kukataa nilikuwa nayo tayari, nami nilikuwa naitafutia nguo za kuivalisha. Sababu yenyewe, naiandika kwa kuwa kitabu hiki watakisoma wachache, ilikuwa mbili. Kwanza, huduma yetu iliruhusu runinga mbili tu kwa wakati mmoja, nami niliogopa siku moja nikiwasha niambiwe nafasi zimejaa. Pili, ndani ya uso wa mzee mwenye ndevu kulikuwa na orodha ya kila nilichotazama, na mle ndani, msomaji, kulikuwa na sehemu kumi na moja za tamthilia ya mapenzi ya Kikorea, zilizotazamwa baada ya saa sita za usiku. Nimefundisha mtaa huu historia na uraia. Sikutaka mjukuu wa mzee yule aione orodha ile.

Zilikuwa ni choyo na aibu, basi, na vyote viwili nilivificha nyuma ya neno "ahadi." Hata hivyo, je, jambo lililo sahihi huharibika kwa kutendwa kwa nia mbovu? Wapo wanaosema matendo hupimwa kwa nia. Nami nasema kijana alinyimwa, na angenyimwa kwa nia yoyote ile. Tofauti ni kwangu. Mtu aliyekataa kwa ajili ya ahadi angekuwa na moyo wa kumwambia, "Neno la siri siwezi kukupa, lakini njoo tukae." Mimi sikusema hivyo. Ahadi niliyoitumia haikunikataza kusema hivyo hata kidogo. Sharti lilikataza kugawa nje ya nyumba, halikukataza kuwa na wageni. Mzee wa bandari naye hakumpa mtu runinga yake. Alitupa mahali pa kukaa, akavumilia vumbi la miguu yetu na kelele zetu, na sisi tukavumilia taarifa yake ya habari. Neno la siri halina mkeka. Laweza kutolewa na kupokelewa bila mtu kusema hodi. Kwa hiyo kijana aliniomba kidogo kuliko nilichopewa mimi mwaka 1998, nami nikamnyima hata hicho.

Jumapili ya tarehe 12 Mei nyaya mbili kubwa za intaneti zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi zilipata hitilafu, na nchi kadhaa za upande wetu, Tanzania ikiwamo, zikabaki na intaneti ya kuchechemea. Runinga yetu ikawa inazungusha duara lake tu. Napenda kusema kwamba watu walitoka nje, wakakaa barazani na kupiga soga kama zamani. Hawakutoka. Nilikwenda mlangoni kuangalia. Mtaa ulikuwa kimya, kila dirisha na mwanga wake hafifu wa simu, watu wakingoja. Nikarudi ndani nikangoja na mimi. Nalitaja hili kwa sababu ni desturi yetu sisi wazee kulaumu mashine kwa upweke wetu, na siku ile mashine haikuwapo ya kulaumiwa.

Mwezi wa majaribio ulikwisha, binti yangu akaendelea kulipa. Mwezi Juni, jioni moja, niligusa uso wangu wenye ndevu, na badala ya filamu likatokea tangazo. Lilisema kwa maneno ya upole kwamba runinga hii haimo katika nyumba ya mwenye akaunti.

Nililisoma mara tatu. Binti yangu alikuwa akitazama huko Dodoma kwenye runinga yake, na kampuni, kwa kuangalia intaneti inayotumika, iliamua kwamba nyumba ni ile ya Dodoma. Sisi wa Temeke tulikuwa watu wa nje. Kama tulitaka kuendelea, zingetumwa tarakimu kwenye simu ya mwenye akaunti, naye atupatie. Nikampigia. Alikuwa kikaoni. Nikakaa na mama yake mbele ya tangazo lile kwa saa nzima tukimsubiri mtoto tuliyemzaa atujulishe kama sisi ni watu wa nyumbani kwake.

Sikucheka wakati ule. Nilikasirika. Nilisema, hawa ni nani wa kuniambia nyumba ya mwanangu ni ipi? Katika lugha yetu mtu aweza kukaa Dodoma miaka ishirini na ukimwuliza nyumbani ni wapi akakutajia kijiji cha babu yake. Hata serikali, ilipofanya sensa ya tarehe 23 Agosti 2022, ilihesabu katika kaya kila aliyelala humo usiku wa kuamkia siku hiyo, mgeni naye akiwamo. Kampuni haihesabu wageni, na wazazi haiwahesabu.

Hasira hiyo ilikuwa tamu, lakini haikudumu, maana niliyatambua maneno yale. Nilikuwa nimeyasema mimi mwenyewe mlangoni kwangu wiki chache kabla, kwa sauti ya darasani. Kwa masharti yale yale ambayo nilimsomea kijana, mimi sikuwa na haki ya kutazama hata siku moja tangu binti yangu alipopanda basi. Ahadi niliyoilinda kwa ukali ule haikuwa yangu, na mimi mwenyewe nilikuwa naivunja kila usiku, baada ya saa sita.

Tarakimu zilipokuja hatimaye hatukuweza kuziingiza. Zilikuwa na muda wake, nasi vidole vyetu vina muda wake. Mama watoto akasema, "Si umwite yule kijana?" Nikavaa kandambili nikaenda mwenyewe.

Bibi yake alikuwa sebuleni, kwenye kiti, miguu juu ya kigoda. Nilikuwa nimesikia kwamba miguu inamsumbua, ila sikujua kwamba hatoki tena nje. "Shikamoo mama," nikasema. "Marahaba mwalimu. Leo umetukumbuka." Hapo ndipo nilipopata habari ambayo ningeweza kuipata mwezi Aprili kwa kuuliza neno moja. Kijana hakuitaka huduma ile kwa ajili yake. Yeye ana simu na njia zake, ambazo sikuzidadisi. Bibi yake ni mzaliwa wa Kilwa, na aliposikia kwamba kuna filamu zinazoonyesha mambo ya chini ya bahari, samaki na matumbawe na nyangumi, alisema angependa kuyaona kabla hajafa, maana baba yake alikuwa mvuvi na alimsimulia. Mashine ile kila siku huuliza nani anatazama. Mimi kijana alisimama mlangoni kwangu mara mbili, na sikumwuliza.

Sikujua la kusema, nikasema habari za tarakimu. Kijana akaja, akavua viatu mlangoni, akafanya kazi ya nusu dakika. Kisha nikamweleza kisa chote, kwamba hata mimi si mtu wa nyumba. Alicheka mpaka akaketi.

Tangu Julai ninalipia mwenyewe, kwa jina langu, kutoka katika pensheni. Binti yangu alipinga, nikashikilia. Bado sijampa kijana neno la siri. Nimeona kwamba katika hilo sikuwa nimekosea, ingawa nilifika hapo kwa njia mbaya, na yeye hajaliomba tena. Lakini katika masharti yale, ambayo sasa huenda mimi ndiye mtu pekee wa Temeke anayeyajua, mna kifungu kinachomruhusu mwenye akaunti kutazama akiwa safarini. Kwa hiyo Jumamosi jioni mimi na mama watoto tunasafiri. Ni hatua arobaini kutoka mlango wetu hadi mlango wao, nami nimezihesabu iwapo nitaulizwa. Kijana huiunganisha simu yangu na runinga ya bibi yake, na tunatazama kwa uso wangu, na orodha yangu yote iko wazi hapo. Kijana ameiona tamthilia ya Kikorea. Hakusema kitu, ila bibi yake aliuliza yule msichana mwishowe anaolewa na nani.

Nyangumi tulimwona wiki ya kwanza. Bibi alinyamaza muda wote, kisha akasema baba yake alitia chumvi, lakini si sana. Siku hizi hata hivyo mara nyingi hatufiki mbali, kwa sababu ikikaribia saa mbili usiku yeye hutaka tuiache hiyo ya intaneti tuweke stesheni ya kawaida, atazame taarifa ya habari, tena mpaka mwisho.